Ukurasa wa Chini ya Sinia

"Usiniambie hujui. Nililiacha hapo juu ya boksi la spana Jumapili iliyopita, wewe mwenyewe unaniangalia."

"Basi liangalie hapo juu ya boksi."

"Nimeangalia."

"Basi halipo."

"Optatus, nakuuliza mara ya mwisho. Daftari langu la Kiingereza liko wapi?"

"Kwani mpaka daftari? Kama ni kunisema, nisemee hapa hapa kwa mdomo. Kwa Kiswahili, na mimi nisikie."

Dorika akachungulia nyuma ya boksi. Optatus akaendelea kukaza spoku za gurudumu lililokuwa mbele yake, anakaza mpaka zile zilizokwisha kukazika. Wateja wawili waliokuwa wanangoja baiskeli zao wakageuza nyuso upande wa mabasi ya Newala, ila masikio yote yakabaki hapo bandani.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, pembeni ya stendi ya Masasi. Dorika ametoka kanisani moja kwa moja, sketi ya shule imepigwa pasi, na ruhusa yake ya kuwa mjini inaisha saa kumi. Kesho asubuhi kazi inakusanywa.

Kazi yenyewe alikuwa ameitoa Mwalimu Selestina, anayefundisha Kiingereza kidato cha sita. Kila msichana achague mtu mmoja aliye hai, ambaye hajawahi kuandikwa popote. Akae naye wiki sita, amuulize, amsikilize, kisha ayaandike maisha yake kwa Kiingereza, daftari zima. Alama zinawekwa, zinakuja kuungana na za mtihani wa taifa. Asiyekusanya anapata sifuri, hata kama kafiwa. Wenzake wakachagua mapadri, wakachagua mganga mkuu, mmoja akamchagua baba yake anayenunua korosho tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe. Dorika akamchagua fundi baiskeli.

Watu wengine walikuwepo wa kumtosha. Ila huyu alikuwa mpenzi wake, wametoka wote Newala, na kila alipomwangalia aliona mambo ambayo mwenyewe hayasemi. Basi kila Jumapili akawa anakaa kwenye kigoda hapo bandani, daftari magotini, anauliza. Ulikuwa unaamka saa ngapi kufuata maji bondeni? Baiskeli ikiteleza kwenye mteremko na madumu mawili nyuma, unaokoa nini kwanza? Shule uliachaje? Unaogopa nini? Optatus anajibu huku anacheka, mikono imejaa grisi. Hakuna mtu aliyewahi kumkalia chini namna hiyo. Alijiona kama diwani.

Jumapili ya tano daftari likasahaulika.

Likiwa peke yake juu ya boksi, Optatus akalifungua. Akaona jina lake. Akafungua mbele, jina lake tena. Kila ukurasa, Optatus, Optatus, na pembeni yake maneno marefu ya Kiingereza. Kiingereza chake yeye kilikomea kidato cha pili. Moyo ukaanza kumuwasha. Jumatatu asubuhi akalichukua, akampelekea Petro.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na kosa hili hata mtu wa Dar es Salaam asingelifanya. Petro alikuwa amemaliza kidato cha nne, sawa, lakini Petro ni mtoto wa mjomba wake. Yaani mtani. Na utani wa hawa wawili haukuwa wa mchezo. Petro alishapita mtaa mzima Newala anatangaza kwamba Optatus kaoa bibi kizee wa Chiungutwa, watu wakaja na kuku wa zawadi. Mtani anakudanganya, unacheka, unasubiri zamu yako. Ukikasirika umeshindwa. Optatus ameuishi utani huo tangu anatambaa.

Petro akalishika daftari, akakunja uso kama hakimu, akasoma kimya kurasa mbili. Kisha akashusha pumzi.

"Ndugu yangu, sijui kama nikuambie."

"Niambie."

"Anasema wewe ni mfano wa mtu aliyeshindwa. Amekuchagua ili wenzake wajifunze. Anasema ukikaa karibu naye ananusa grisi mpaka bwenini. Na hapa mwisho anasema akifika chuo kikuu atakuaga vizuri, kwa sababu roho yako ni nzuri."

Kisha Petro akadakia gari la bosi wake kwenda Tandahimba kupima korosho, akaondoka na kicheko chake kooni. Alijua Optatus atashtuka jioni hiyo hiyo kwamba ni utani, atamtukana akirudi, na wataendelea.

Optatus hakushtuka. Aliyameza yote. Maneno yale hayakuwa mageni kwake, alikuwa anajiambia mwenyewe kila Jumapili Dorika anapogeuka kurudi shuleni. Petro alimpa sauti tu.

Mchana ule ule akalibeba daftari mpaka kwa Mama Stamili, anayekaanga korosho na kuziuza madirishani mwa mabasi.

"Shikamoo, Mama Stamili."

"Marahaba, baba."

"Karatasi hizi hapa. Fungia korosho."

Alhamisi kikaja kikaratasi, kimeletwa na mwanafunzi wa kutwa: *Opta, nimesahau daftari kwako. Lifiche vizuri, rafu yangu imo humo humo, sina nakala nyingine. Jumapili nakuja tumalizie. D.* Optatus akakisoma mara mbili, akafutia mnyororo.

Na sasa D. mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake.

"Nani kakuambia nimekusema?"

"Nimesomewa."

"Na nani?"

Optatus akainua kidevu kama mtu mwenye shahidi wa uhakika. "Petro."

Dorika akamwangalia, akamwangalia tena. "Petro huyu mtoto wa mjomba wako? Aliyekuoza bibi kizee?"

Pale pale spana ikamtoka Optatus mkononi. Wala haukuhitajika ushahidi zaidi. Mmoja wa wale wateja akakohoa ili asicheke. Optatus akainama kuiokota spana, uso unamchoma. Alitaka kumlaumu Petro, akakuta hata haki ya kumlaumu hana. Petro amefanya kazi ya mtani. Wa kujua kwamba ni utani alikuwa yeye.

"Liko wapi?" Dorika aliuliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Kwa Mama Stamili."

"Mama Stamili analisoma?"

"Anafungia korosho."

Dorika hakulia. Alitangulia kuelekea kwenye mabasi, Optatus nyuma yake anafuta mikono kwenye suruali. Njiani waliziona karatasi mbili zimekanyagwa kwenye vumbi, wino umekunywa mafuta, herufi za Dorika zimeingiliana. Dorika aliokota ya kwanza. Ya pili aliipita.

Mama Stamili alipoelezwa akajipiga kifua. Alisema angejua asingegusa, akamsema Optatus mbele ya makondakta, akauliza mtoto wa watu atakwenda kukusanya nini kesho. Daftari lilikuwa limekwisha tangu juzi. Kisha akakumbuka, akanyanyua sinia lake, akasukuma korosho upande mmoja.

"Umebaki huu nilioutandika chini. Uone, mwanangu, kama unakufaa."

Ulikuwa ukurasa wa mwisho. Umelowa mafuta mpaka mwanga unapita, lakini maneno yalikuwepo. Dorika akausoma kimya, kisha akaanza kuukunja.

"Nisomee," Optatus akasema.

"Wa nini?"

"Nisomee wewe. Kwa Kiswahili."

Wakasimama kwenye kivuli cha basi bovu. Dorika akasoma taratibu, anatafuta maneno.

"'Watu wanaosoma daftari hili watasema ameacha shule, basi hana akili. Mimi nimemsikiliza wiki tano, na sijakutana na mtu anayekumbuka njia kama yeye. Anajua kila jiwe la mteremko ule kwa sababu kila jiwe lilishamwaga maji yake. Darasani mimi nakariri, yeye anakumbuka.'" Akausogeza ukurasa karibu na macho. "'Kuna kitu kimoja kinanisumbua. Nimemuuliza maswali zaidi ya mia. Yeye hajaniuliza hata moja. Sijui kama hataki kujua, au anaogopa nitakachojibu.'"

Ukurasa ukaishia hapo.

Basi la Tandahimba likapiga honi, makondakta wakaanza kuita, na Optatus akabaki anaangalia vidole vyake vyenye grisi. Ukweli ni huu: kama angetukanwa pale, ingemuuma kidogo. Kwa kutukanwa alikuwa amejiandaa.

"Naweza kuisema tena," alisema. "Yote. Tangu mwanzo. Muda bado upo."

"Zimebaki saa nne hata hazitimii, Optatus. Kurasa thelathini."

"Nitasema haraka."

Wakarudi bandani; Optatus akaenda dukani, akaja na daftari jipya na peni mbili. Wale wateja akawaambia warudi kesho, mmoja akalalamika, hakusikilizwa. Dorika akakaa kwenye kigoda, akaandika tarehe.

Optatus akasimulia. Ila safari hii hakucheka. Alipofika kwenye kuacha shule alisimama. Siku zote alikuwa akisema amefukuzwa na mwalimu mkuu, Dorika naye aliandika hivyo.

"Hapo nilidanganya," akasema. "Sikufukuzwa. Nilikuwa nachelewa kwa ajili ya maji, nachapwa, siku zote hivyo. Siku moja nikafika getini, nikasikia wenzangu wanamjibu mwalimu kwa pamoja, nikageuza baiskeli. Hakuna aliyenifukuza. Na hakuna aliyekuja kuniuliza."

Peni ikasimama, ikaendelea.

"Uliniuliza naogopa nini, nikasema siogopi kitu. Naogopa siku utakayokuja hapa ukaongea na mimi kama unaongea na fundi."

Dorika hakuinua kichwa. Aliandika mpaka mwisho wa mstari, ndipo akasema, "Na hili la korosho nitaliandika."

"Lipi?"

"Kwamba ulisomewa uongo na mtani wako ukauamini kuliko mimi, ukalipeleka daftari langu kufungia korosho. Linasomwa mbele ya darasa lote, uelewe."

Optatus alifikiria wasichana arobaini wanamcheka kwa Kiingereza.

"Andika," akasema. "Usilipunguze."

Saa tisa na nusu Petro akatokea, anatembea kwa maringo, ameshaanza kucheka tokea mbali. "Mtani! Bado unanuka mpaka bwenini?" Akaona nyuso zao, akaona daftari jipya, akaiona ile karatasi yenye mafuta imeanikwa juu ya boksi la spana. Kicheko kikamkauka. Alivua kofia. Akasema shemeji, mimi nilidhani atajua, nusu ya maneno yenyewe hata sikuyaelewa. Dorika akamjibu kwamba na yeye ataingia humo, jina lake kamili. Petro akaokota spana bila kuambiwa, akaanza kukaza baiskeli za watu.

Saa kumi kasorobo walikuwa kwenye barabara ya shule, milima ya mawe imekaa kimya nyuma ya mabweni. Dorika alikuwa amemaliza kurasa ishirini na nane, mbili atazimalizia bwenini kabla ya kengele ya chakula. Ule ukurasa wa zamani alikuwa ameuweka katikati ya daftari, aunakili kama ulivyo. Hawakuwa wameshikana mikono. Hatua chache kabla ya geti Dorika akasema, "Haya," akapokea mkoba wake kwa Optatus.

"Dorika."

"Nini tena?"

Optatus alikuwa na maneno ya samahani, amejipangia njia nzima. Yakabaki huko huko.

"Wewe unaogopa nini?"

Dorika alirudi hatua moja. Mlinzi getini alikuwa ameshaanza kugonga chuma cha kengele. Dorika akalifungua daftari, akautoa ule ukurasa wenye mafuta, akausoma tena bila sauti ule mstari wa 'hajaniuliza hata moja'. Kisha akamwekea Optatus mkononi.

"Umeniharibia mwisho wangu," akasema. "Huu hauwezi kukaa tena. Itabidi niandike mwingine."

Akageuka, daftari kifuani, akaingia getini.