Kidonda Kilichofichwa Msimu wa Vitunguu Saumu

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule na kula harakaharaka, Chiriku alikwenda bustanini nyuma ya nyumba kumsaidia bibi yake. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo wake. Alizungumza tangu anaamka hadi usingizi unamchukua, na Bibi alipenda kumtania, "Siku utakayonyamaza, hivi vitunguu saumu vitadhani tumehama."

Bustani yenyewe ilikuwa matuta machache tu kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo, lakini Bibi aliitunza kama mboni ya jicho lake. Walikuwa wamepanda pamoja. Bibi alibandua punje nene kutoka kwenye vichwa vya saumu alivyoweka kwa ajili ya mbegu, akamwonyesha mjukuu wake jinsi ya kuzichomeka udongoni, ncha ikitazama juu, kila punje ikiwa umbali wa kiganja kutoka kwa mwenzake. Juu ya matuta walitandaza nyasi kavu ili udongo usikauke upesi. Sasa majani ya chini yalikuwa yameanza kugeuka manjano, na Bibi alikuwa ameacha kumwagilia.

"Zikinyweshwa sasa zitaoza kabla hatujazing'oa," alisema.

Bibi aliugua kisukari kwa miaka mingi, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Angeweza kukanyaga kaa la moto asijue. Muuguzi wa zahanati alimwonya aikague kila siku, tena asiingie bustanini na kandambili. Bibi aliitikia vizuri kabisa, akarudi nyumbani, akaendelea na kandambili zake.

Siku moja Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare, alimwambia Chiriku akusanye magugu kwa reki, kisha airudishe stoo. Kazi ilikuwa haijaisha rafiki zake walipomwita nje kuruka kamba. Chiriku aliilaza reki kando ya tuta, meno yakiwa juu, akaisukumia nyasi kwa mguu ili isionekane, akatoka mbio. Giza lilipoingia alikuwa ameshaisahau.

Kesho yake Bibi alikuwa akipita kando ya tuta lile lile huku akikagua majani. Mguu wake ukakwama kidogo. Akautikisa, akaendelea kutembea. Chiriku ndiye aliyeona damu ikichuruzika kwenye ukingo wa kandambili, kisha akaona jino la reki, lenye kutu, likichungulia kwenye nyasi.

"Bibi, unatoka damu."

Bibi aliinama akautazama mguu kama vile ni wa mtu mwingine. "Nimekanyaga nini?"

"Labda mwiba, Bibi," Chiriku alisema, na kwa kisigino akaisogeza reki ndani zaidi ya nyasi.

"Basi si kitu. Niletee punje za saumu na kinu. Na mama yako asijue, mwanangu. Akijua atanikataza bustani, nami nikikaa ndani siku nzima nitaozea kwenye kiti."

Chiriku alizitwanga saumu. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aone ile damu, maana Bibi mwenyewe ndiye aliyeomba iwe siri. Alimsaidia kuufunga mguu kwa kitambaa, saumu mbichi ikiwa imegandamizwa kwenye jeraha. Bibi hakuhisi maumivu yoyote. Walipomaliza, Chiriku aliipeleka reki stoo akaisimamisha mahali pake, kana kwamba haikuwahi kutoka.

Siku zilizofuata walianza kuvuna. Chiriku alilegeza udongo kwa uma wa bustani, akavishika vichwa kwa chini na kuvitoa polepole visichubuke. Bibi alikaa kwenye kigoda akikung'uta udongo na kusuka majani mafungu mafungu, nao wakayatundika barazani, kivulini, yapate upepo. Nyumba nzima ikanuka saumu. Mama alirudi kutoka kazini akicheka kwamba hata uzi wa cherehani yake ulikuwa unanuka bustani. Ndiyo sababu Mama hakutambua harufu nyingine iliyokuwa ikikua chini ya ile ya saumu.

Chiriku aliitambua. Kila alipobadilisha kitambaa aliuona mguu umevimba, ngozi imebabuka na kutoa malengelenge, na kidole kidogo kimekuwa cheusi. Alitaka kusema. Akifungua mdomo, anaikumbuka reki, anaufunga. Mezani alikula kimya, na Mama akamuuliza kama anaumwa koo.

Asubuhi moja Bibi hakuamka kuchota maji. Mama alimkuta anatetemeka kwa homa, akimwita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Alipofunua shuka na kufungua kile kitambaa, aliuona mguu ulivyooza. Hakumgombeza mtu. Alitoka tu akaenda kutafuta gari.

Hospitalini muuguzi aliukagua mguu, kisha akauliza, "Alichomwa na nini?"

"Mwiba," Mama alijibu. "Ndivyo alivyoniambia njiani."

"Mwiba hauingii hivi. Nahitaji kujua, mama. Kama ni chuma kuna sindano anayotakiwa kupewa sasa hivi."

Chiriku alikuwa ameegemea ukuta. Aliona mkono wa Bibi ukining'inia pembeni ya kitanda, kucha bado zina udongo.

"Ni reki," alisema. "Ilikuwa na kutu. Mimi niliiacha kwenye nyasi. Bibi hajui."

Mama aligeuka akamtazama. Chiriku angeona afadhali kupigwa kuliko kutazamwa vile. Muuguzi alikuwa tayari anaandaa sindano.

"Na hii ngozi iliyoungua?"

"Tulimfunga saumu."

"Saumu ni ya kutia chunguni, mwanangu," muuguzi alisema bila ukali. "Ikifungwa mbichi kwenye ngozi inaunguza kama moto, na kidonda kinaozea humo ndani. Mngemleta siku ya kwanza tungekiosha, akarudi nyumbani kwa miguu yake."

Madaktari walikata vidole viwili na sehemu ya wayo. Bibi alilazwa muda mrefu. Mama alishinda karakana mchana na hospitali jioni, akawa mtu wa macho mekundu na maneno machache. Matuta yaliyobaki hayakuvunwa. Chiriku alipopata nafasi ya kuyaendea, mvua ilikuwa imeshanyesha, na vichwa vingi vilikuwa vimepasuka na kuoza. Aliokota vilivyokuwa vizima akilia peke yake.

Bibi alirudi akitembea kwa magongo. Chiriku alipiga magoti akamwomba radhi. Bibi alimshika kichwa.

"Nimekusamehe. Na mimi nilikutwika siri isiyobebwa na mtoto. Tulikosea wote wawili, ila mguu ni mmoja tu uliolipa."

Tangu siku hiyo Chiriku ndiye aliyeikagua miguu ya Bibi. Kila jioni aliiosha kwa maji ya vuguvugu, akaikausha katikati ya vidole, akaugeuza wayo kwenye mwanga. Siku moja, kwenye mguu ule mzima, aliona lengelenge dogo chini ya kisigino.

"Hako ni kadogo," Bibi alisema kwa sauti ya chini. "Kesho katakuwa kamekauka. Usimsumbue mama yako, amechoka."

Chiriku alimtazama. Alijua Bibi atakasirika.

"Mama," aliita, "njoo uone mguu wa Bibi."

Mama aliacha nguo aliyokuwa akiishona kwa mkono, akaja, akainama. Alilitazama lengelenge, kisha akajifunga kanga yake vizuri tayari kwenda zahanati kabla haijafungwa. Bibi alinuna, lakini alinyoosha mkono apewe magongo yake.

"Umefanya vyema," Mama alimwambia Chiriku. "Kosa la kuacha reki lilikuwa dogo, lingeisha kwa maneno mawili. Kulificha ndiko kulikokata mguu wa bibi yako. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa, hata kama mtu mzima amekuomba unyamaze. Sasa mshike Bibi mkono huu, mimi nimshike ule."