Upande wa Kushoto wa Lucius

Wiki ya Sikukuu ya Shukrani, watu wa Philadelphia huacha adabu zao nyumbani na kwenda soko la Reading kugombania bata mzinga. Odessa Crenshaw alikuwa kwenye foleni, koti la zambarau limefungwa vifungo vyote, kofia ya kanisani kichwani ingawa ilikuwa Jumanne. Mbele yake mzee mmoja mrefu, mwenye koti la rangi ya ngamia na viatu vinavyong'aa, alikuwa anamkagua bata kana kwamba anataka kumposa.

"Huyu kifua chembamba. Niletee yule mwingine. Hapana, mgeuze kwanza nimwone."

"Mzee, chukua bata uende zako," Odessa alisema. "Wengine tuna watu wa kulisha."

Mzee hata hakutikisika. Odessa akapandisha sauti, ile ya kuwaamsha waumini wanaosinzia viti vya nyuma, akarudia. Mzee akageuka, akamtazama, akavua kofia.

"Kuna mwanamke mmoja tu duniani anayetukana kwa sauti tamu hivyo. Dessa."

"Lucius Merriweather. Kumbe hujafa."

"Nilijaribu. Hawakunipokea."

Odessa alicheka kabla hajakumbuka kwamba huyu hakuwa mtu wa kucheka naye. Enzi zao walikuwa Merriweather na Crenshaw, wakiimba nyimbo kuu za zamani za Kimarekani, zile za mapenzi na mbalamwezi ambazo nusu ya wazee wa mji ule walitongozea wake zao. Walikuwa wachumba pia. Kisha orkesta moja kubwa ikamtaka Lucius kwenda Ulaya, yeye peke yake, naye akaenda. Odessa aliolewa na Wendell, dereva wa treni, mwanamume mwema ambaye alilea naye binti yao, na alipofariki Odessa alimzika kwa heshima zote. Hakujutia ndoa ile hata siku moja. Lakini kila aliposikia piano ikianza moja ya nyimbo zile, alibadilisha stesheni ya redio.

"Alhamisi, siku ya sikukuu, unakula wapi?" Lucius aliuliza.

"Kwa binti yangu, Renita. Wewe?"

"Na huyu bata."

"Bata mzima, mtu mmoja?"

"Ndiyo maana nataka mwenye kifua kipana. Nipate wa kumkumbatia."

Watu wa nyuma walianza kupiga kelele. Odessa akajikuta anasema, "Njoo kwa Renita. Lete pai ya viazi vitamu. Ukileta ya malenge, utarudi nayo."

Alikuja na pai mbili, zote za viazi vitamu, na tai nyekundu. Kabla ya kula walizunguka meza kama ilivyo desturi, kila mtu akataja anachoshukuru. Renita alishukuru kwa kazi yake mpya. Odessa alishukuru kwa magoti yake, ambayo mwaka huo yalikuwa yamemheshimu. Ilipofika zamu ya Lucius, alisema, "Nashukuru kwa foleni ndefu," akainamisha macho kwenye sahani.

Wakati wa kuosha vyombo ndipo alipotoa la moyoni. Kampuni moja ndogo ya muziki ilitaka kurekodi albamu ya nyimbo zao, jukwaani, mbele ya watu. Kinachotoka mdomoni ndicho kinachobaki.

"Lakini peke yangu hawanitaki," alisema.

"Wana akili."

"Wananitaka na wewe, Dessa. Na mimi pia nakutaka na wewe."

"Futa sahani hiyo vizuri, ina mafuta," Odessa alimwambia. Hakulala usiku ule, na asubuhi alimpigia simu kukubali.

Desemba nzima simu ya Odessa ililia akiwa bado anapuliza kahawa.

"Mrembo, umeamka?"

"Mrembo ameamka na mgongo unauma. Unataka nini?"

"Nikusikie tu."

"Haya, umenisikia. Kunywa dawa zako za presha."

Renita alimkuta mama yake akiimba akipiga pasi mapazia. Alikaa kwenye ngazi akasikiliza, machozi yakimtoka, maana tangu baba yake afe nyumba ile haikuwa imesikia sauti hiyo.

Kisha ikaja Januari na mazoezi, kwenye klabu moja ya zamani kule Germantown. Odessa alipanda jukwaani akasimama mahali pake. Miaka yote alikuwa akisimama upande wa kulia wa Lucius; hata picha zao za magazetini ndivyo zilivyo. Lucius akamshika kiwiko, taratibu, akajaribu kumhamishia upande wa pili.

"Unafanya nini?"

"Simama hapa kushoto leo. Hapa pazuri."

"Pazuri kwa nani?"

Lucius akatazama viatu vyake. "Kwa mwanga."

Odessa alimjua vizuri mtu huyu na mapenzi yake kwa shavu lake la kulia, lile lenye kishimo. Odessa akiwa kushoto, Lucius akimgeukia kumwimbia, ukumbi mzima ungeliona shavu hilo jioni nzima. Miaka imepita, mvi zimejaa, na mzee bado anagombania mwanga!

"Sikuja hapa kuhamishwa kama kiti," alisema. "Ulinihamisha mara moja, ukaenda Ulaya. Nasimama nilipozoea."

Hollis, mpiga piano, alijifanya anatafuta kitu chini ya stuli. Lucius akakiachia kiwiko chake. "Sawa, bibie," alisema. "Ulipozoea."

Mazoezi yalikwenda vibaya. Lucius alikuwa akiingia kwenye wimbo akiwa amechelewa, au kabla Odessa hajamaliza mstari. Odessa alijiambia ni kununa.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi mchana, watu wamejaa hadi mlangoni, wazee kwa suti zao na wake zao kwa manukato. Odessa alivaa gauni la mahameli ya kijani. Akiimba peke yake, alitulia kama aliye jikoni kwake. Lucius peke yake alikuwa bado Lucius, sauti nzito kama sharubati ya miwa. Walipoimba pamoja, walikuwa kama watu wawili wanaobeba kabati ngazini, kila mmoja kwa mwendo wake.

Wimbo mmoja tu uliwakubali, wa polepole, piano ikipiga kidogo sana. Lucius alimtazama midomo tangu mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Watu walisimama wakipiga makofi. Odessa moyo ukamjaa. Alimsogelea, akamwekea mkono begani, akamwambia sikioni: "Asante kwa kurudi. Nimekusamehe."

Lucius aligeukia ukumbi akapunga mkono.

Odessa alimaliza onyesho kwa sababu yeye si mtu wa kuacha kazi katikati. Nyuma ya jukwaa, Marisol, msimamizi wa kurekodi, hakuwazungusha.

"Nyimbo za mmoja mmoja ninazo. Lakini sina albamu ya wawili. Nina watu wawili wanaoimba chumba kimoja. Kesho ni siku yetu ya mwisho ukumbini. Kesho ikiwa kama leo, basi, tunaachana kwa heshima."

Odessa alirudi nyumbani, akavua gauni, akavaa kanga aliyoletewa na Renita kutoka safarini, akapiga simu. Alikuwa ameshaamua. Alianza kabla Lucius hajasema halo.

"Nisikilize. Kesho siji. Mambo ya kusimama na mtu anayewapungia watu mkono wakati mimi namfungulia moyo, umri wangu umeyapita. Tafuta mwingine wa—"

"Halo? Halo? Nani?"

"Lucius, usinichezee."

"Halo? Sauti haifiki. Ngoja, nina kikaango mkononi." Kitu kiliwekwa chini, kikalia. "Haya, sasa. Nani?"

"Ni mimi."

"Dessa! Ulikuwa unasema nini?"

Mbele ya macho yake vitu vikaanza kujipanga: foleni ya bata, mkono kwenye kiwiko, macho yaliyoganda kwenye midomo yake.

"Simu ulikuwa umeiweka sikio gani?"

Kikaango kilisikika kikisogezwa.

"Lucius."

"La kulia," alisema mwishowe. "Limekufa. Nilishikwa na homa majira ya joto, nikaamka hakuna kitu. Daktari anasema halirudi."

"Na wewe ukaniambia mwanga."

"Ningekuambia nini? Mwimbaji asiyesikia! Ungekuja?"

"Ningekuja."

"Kwa huruma. Sikutaka hiyo. Nilitaka uje kwa hasira, kwa njaa, kwa chochote, lakini si kwa huruma."

"Mjinga wewe," Odessa alisema. "Nilikusamehe leo. Nilikuambia sikioni, mbele ya watu wote wale. Na wewe ukawapungia mkono."

Alimsikia akivuta kiti, akikaa. Odessa, ambaye hakuwahi kumvumilia mtu anayechelewa kujibu, alimsubiri.

"Nimesikia sasa," Lucius alisema. "Asante, Dessa. Asante sana."

"Haya. Kikaango hicho kisiungue. Kesho uwahi."

Jumapili Odessa ndiye aliyewahi. Alitoka kanisani moja kwa moja, na Lucius alipofika alimkuta jukwaani, kofia bado kichwani, anawaamrisha wanaume wawili wasogeze piano. Vipaza sauti vilikuwa vimeshahamishwa. Odessa akaenda kusimama kushoto kwa Lucius, karibu, bega kwa bega.

"Nilisema sitaki huruma," Lucius alimnong'oneza.

"Huruma sina. Nina albamu ya kumaliza. Panga shavu lako tuanze."

Walianza, na kuanzia mstari wa kwanza Hollis alitabasamu juu ya piano yake. Odessa akivuta, Lucius alimsubiri. Akimwacha nyuma kwa utani, Lucius alimfuata na kumkamata. Sauti ya Odessa haikuwa tena ya msichana, ilikuwa na mikwaruzo pembeni, na Lucius aliimba chini yake kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Mama mmoja meza ya mbele alimshika mumewe mkono, hakuuachia tena.

Zilipobaki nyimbo mbili, Lucius akaugeukia ukumbi.

"Ndugu zangu, sikio langu la kulia limestaafu kabla yangu. Nilimficha huyu bibi, nikidhani atanikimbia. Badala yake amehamisha piano." Watu wakacheka. "Niliwahi kumwacha kizembe, na Mungu akanirudishia kwenye foleni ya bata. Dessa, nina sikio moja, na nalitaka likusikie wewe tu mpaka mwisho. Utakubali nikuoe?"

Ukumbi ulilipuka. Odessa akasubiri watulie.

"Mzee, bado tuna nyimbo mbili," alisema. "Kazi kwanza."

Waliziimba, na ya mwisho waliiimba wakiwa wameshikana mikono.

Watu walipokwisha kutoka, wahudumu wakaanza kupandanisha viti. Marisol alikuja akifuta macho, akaanza kuzungumza kikazi.

"Tunayo albamu. Ila lile la kuposa itabidi nilikate. Mtu akisikiliza ataachwa anasubiri, maana hukumjibu."

"Hiyo mitambo bado inarekodi?" Odessa aliuliza.

"Bado."

Odessa alipanda tena jukwaani, amebeba viatu mkononi. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akamtazama Lucius aliyekuwa amekaa ukingoni akijipepea kwa kofia.

"Ndiyo," alisema. "Na namshukuru Mungu nimeishi hadi kusema hivyo. Sasa zima, tukale."

Ndivyo albamu ile inavyokwisha: makofi, kimya, kelele za viti, neno la Odessa, kisha mzee mmoja kwa mbali akicheka.