Mtama Nyuma ya Kiyoyozi

Mapipa yote kumi na mawili yalikuwa matupu. Juu yake, bango la rangi lilitangaza: JAMII IMARA DHIDI YA MABADILIKO YA TABIANCHI. Inspekta alilisoma mpaka mwisho, akasonya.

"Mbegu zote za kijiji zilikuwa humu?"

"Zote," alijibu mtaalamu wa mradi, aliyetaka aitwe Dokta hata na wapishi. Alivaa viatu vya kupandia milima, na hapo kilima hakuna hata cha dawa. "Mtama wa asili, unaovumilia ukame. Tuliwahamasisha wakazi wauhifadhi pamoja, kitaalamu. Huo ndio ustahimilivu."

"Na sasa ustahimilivu umeibwa."

"Na mlinzi, afande. Nimeshaandika maelezo. Ufunguo alikuwa nao yeye."

Inspekta aliokota kufuli sakafuni. Lilikuwa limekatwa kwa mkasi wa vyuma.

"Mwenye ufunguo anakata kufuli ili iweje?"

"Kupoteza ushahidi."

"Loo! Mjanja huyo."

Mlinzi alikuwa mahabusu siku ya pili. Mama yake alishinda barazani pa ofisi ya mradi, kanga imefungwa kiunoni. Kijiji kizima kilimwita Mama Mbegu. Miaka arobaini alitunza mbegu za watu kwenye vibuyu jikoni kwake, hadi mradi ulipokuja na semina, chai na fulana. Mvua ilibakiza wiki moja. Mbegu zisipopatikana, hakuna atakayepanda.

Inspekta alimwita ndani. "Shikamoo, mama. Hebu angalia humu. Unaona nini?"

"Marahaba, mwanangu." Alipiga magoti, akapitisha kidole sakafuni, akakigeuza. Kilikuwa kisafi. "Majivu yako wapi?"

"Majivu gani?" aliuliza Dokta.

"Niliwaletea mbegu zimechanganywa na majivu. Yanafukuza wadudu, yananyonya unyevu. Mtu atoe mapipa kumi na mawili ya mbegu asidondoshe hata vumbi?"

"Tuliziboresha," Dokta alisema haraka. "Ni mambo ya kitaalamu, mama. Huwezi kuyaelewa."

Mama Mbegu aliinamisha kichwa. Inspekta alimkazia Dokta macho. Alikwishawapekua wezi wa ng'ombe waliokuwa na adabu kuliko huyu.

Alitoka akaizunguka ofisi. Nchi yote ilikuwa imekauka kau, isipokuwa nyuma ya dirisha la Dokta. Hapo kiyoyozi kilidondosha maji mchana kutwa, na chini yake udongo ulikuwa umechipua kijani.

"Mama! Njoo huku!"

Mama Mbegu alikuja, Dokta na konstebo wakimfuata. Alichutama, akashika shina jembamba lenye wekundu chini. "Huu ni wangu. Wekundu huu hauko kwenye mtama wa dukani."

"Mche huu una siku ngapi?"

"Majani matatu. Siku tisa. Kumi, ukizidisha."

"Dokta, wizi ulitokea lini?"

"Juzi."

"Kwa hiyo mwizi alimwaga mbegu wiki nzima kabla hajaziiba. Konstebo, leta jembe!"

Hawakuchimba sana. Chini ya udongo mwepesi kulikuwa na lundo jeusi, limevunda, likinuka kama togwa lililosahaulika. Konstebo aliziba pua. Mama Mbegu hakuziba.

"Mliziosha," alisema. "Mliziosha kwa maji!"

Dokta alikaa chini, viatu vyake vya milimani vikazama kwenye tope.

"Wafadhili walikuja kupiga picha. Majivu yalionekana uchafu. Tukaziosha, tukazianika nusu saa, tukafunga mapipa kabisa. Nilipofungua... zilikuwa uji."

"Ukazimwaga, ukakata kufuli, ukamtupia mlinzi."

"Picha zimeshachapishwa, afande! Mwezi ujao nazungumza kwenye kongamano. Mradi wa mfano! Ningesimama niseme nini? Kwamba bibi kizee na vibuyu vyake alikuwa anajua kuliko sisi?"

"Ndiyo," alisema Inspekta. "Hivyo hivyo ulivyosema sasa. Kulikuwa na ugumu gani?"

Pingu zililia. Inspekta aliagiza kwa simu mlinzi aachiwe mara moja, aletwe kwa gari la polisi, tena akae kiti cha mbele.

Aliporudi alimkuta Mama Mbegu amepiga magoti topeni, akihesabu miche kwa kidole.

"Mingapi, mama?"

"Arobaini na mmoja."

"Itatosha?"

"Itoshe nini, baba? Mwaka huu tumekwisha." Alifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Lakini ikifika kuzaa, mwakani nitakuwa na kibuyu kimoja. Nitaanza upya."

Konstebo alikuwa akifunga ofisi. Alinyoosha mkono dirishani kwenye swichi.

"Wewe!" Inspekta alimfokea. "Mwenye ofisi mpeleke. Kiyoyozi kiache kikiwaka."