Mawaridi Kumi na Manne

Kila asubuhi, kabla sijaenda shule, nilimfunga mama bendeji kwenye vifundo vya mikono. Yeye alikaa jikoni, daftari liko wazi kando ya kikombe cha aguapanela, maji moto ya sukari guru, akisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili: "Shada la msiba huanza na majani, ndipo maua yafuate." Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mimi kumi na miwili, na sote tulikuwa wanafunzi. Majirani zetu wa mji wa Facatativá walitucheka. "Nohora, ukimaliza chuo utaanza chekechea?" Mama alicheka nao. Mimi sikucheka.

Kwa miaka kumi na sita mama alikata mawaridi kwenye mabanda ya plastiki ya shamba la maua, mpaka mikono ikagoma na akaachishwa kazi. Baba alikuwa ameshafariki, tumebaki wawili tu. Nyumba ya mazishi iliyo karibu na soko ikamwahidi kazi ya kutengeneza mashada, kwa sharti moja: alete cheti cha chuo cha kupanga maua. Mtihani wa mwisho ulikuwa siku ya Jumamosi. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza shada la msiba kwa maua aliyokuja nayo mwenyewe.

Mama alitegemea maua ya kukataliwa, yale yaliyopinda, ambayo msimamizi wake wa zamani humgawia bure. Lakini ulikuwa mwanzo wa Februari. Siku hizo nchi za nje zinataka mawaridi kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, na hata lililopinda linapakiwa. Alhamisi mama alirudi na ndoo tupu, akaketi bila kuvua koti.

"Basi tena," alisema. "Nitaenda na majani matupu, wanicheke vizuri."

Sikuwa nimewahi kumwona amekata tamaa namna ile. Niliogopa kweli kweli.

Sitajitetea kwa nilichofanya. Ijumaa, nilipotoka shule, nilipita makaburini. Manyunyu yalikuwa yakianguka na hapakuwa na mtu. Mwisho wa safu palikuwa na kaburi jipya, na juu yake shada la mawaridi meupe yasiyo na doa. Kwetu shada haliguswi mpaka siku tisa za maombi ziishe. Kila mtoto anajua hilo, na mimi nilijua. Utepe ulikuwa na jina. Sikulisoma, maana nilihisi nikilisoma mikono yangu itashindwa. Nilichomoa mawaridi yote, kumi na manne, nikayalaza kwenye mkoba juu ya vitabu.

"Umeyatoa wapi haya, Damaris?" mama aliuliza.

"Kanisani. Yamebaki kwenye harusi, nikapewa."

Alinitazama kidogo, kisha akashika ua moja. Kikonyo kilikuwa kimezungushiwa waya mwembamba. "Mh! Aliyefunga hili ana mkono wa kazi, jamani. Ona alivyolikaza." Alinikumbatia kwa nguvu. "Umeniokoa, mwanangu. Mungu akubariki."

Afadhali angenipiga kofi. Nilikwenda kujaza ndoo maji.

Jumamosi nilimbebea ndoo hadi chuoni, nikasimama mlangoni kutazama. Waliofanya mtihani walikuwa saba, wote watu wazima. Meza ya jirani ilikuwa ya mzee Heliodoro, seremala mstaafu. Mkewe, Ubaldina, alikuwa amezikwa Jumatatu ya wiki ile.

"Mzee wangu, si ungepumzika leo?" mama alimwambia.

"Nipumzike nikikitazama kiti chake? Bora hapa mnaponitania."

Niliposikia hivyo, nikalikumbuka lile shada. Kaburi jipya. Jumatatu. Nilitaka kumwita mama, lakini mwalimu Consuelo alikuwa ameshasema waanze.

Mama alifanya kazi taratibu, akiuma mdomo kwa maumivu ya mikono. Waridi moja likaanguka chini. Mzee Heliodoro aliinama kumwokotea, lakini hakumrudishia. Aliligeuza, akapitisha kidole gumba juu ya waya.

"Nohora, hili nimelifunga mimi."

"Wewe? Haya ni ya harusi, mzee, yametoka kanisani."

"Natumia mkono wa kushoto. Waya zenu zote zinazunguka huku, wangu unazunguka kule. Mmenicheka mwaka mzima kwa hilo. Haya nilimfungia Ubaldina."

Mama alitazama waya. Jana furaha ilikuwa imemfumba macho, lakini sasa aliuona. Mikasi yote ukumbini ikanyamaza.

"Nohora," mwalimu alisema, "anayeleta cha wizi hapa anafukuzwa chuo. Unalijua hilo."

Mama aligeuka, akanitazama pale mlangoni, na uso wake ukasawajika. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Ni mimi," alisema. "Nimeyachukua mimi."

Mama yangu hajui kusema uongo, na ule ulimtoka kwa sauti ya kukwama. Alikuwa tayari kufukuzwa kwa ajili yangu. Sikuweza kuvumilia.

"Si yeye! Ni mimi! Nilimdanganya!" Nilipiga kelele mpaka nikapaliwa, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote.

Mama hakufukuzwa. Mwalimu alifuta mtihani wake wa siku ile, akamwambia arudi Juni na kundi litakalofuata. Alirudi na akafaulu, lakini nyumba ya mazishi haikumsubiri. Walimchukua mtu mwingine, na miezi ile mama alifua nguo za watu kwa mikono ile ile mibovu. Kila jioni nilizisuuza mimi, na hakunigombeza hata mara moja.

Lakini Jumamosi ile ya mtihani tulikwenda makaburini sote watatu, mama, mimi na mzee Heliodoro. Mama alinionyesha, nami nikarudisha waridi moja baada ya jingine kwenye shada. Kingo za maua zilikuwa zimeanza kuwa kahawia.

"Nisamehe, mzee," nilisema. "Nimeyaharibu."

"Yangenyauka tu, hata usingeyagusa." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. "Ulitaka kumsaidia mama yako, naelewa. Msaidie kwa kilicho chako, hata kikiwa kidogo. Ukichukua cha mwingine, huoni unamuumiza nani, ndiyo maana inakuwa rahisi. Sasa umeniona." Alipangusa tope kwenye jiwe kwa kiganja. "Jana mke wangu alilala bila ua hata moja, na mimi nilikuwa nyumbani nikijua anayo."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikaunyoosha utepe, na safari hii nikalisoma jina.