Nilimsomea Hitma Mdogo Wangu Akiwa Hai

Nina miaka arobaini na mbili, naishi Kisarawe, nalima mihogo na mananasi. Wazazi walitutoka nikiwa darasa la sita. Niliacha shule nikamlea mdogo wangu wa pekee, Idd, na hakulala njaa hata siku moja. Sisemi haya kujisifu... nataka tu mjue nilimpenda kiasi gani kabla hamjanihukumu.

Idd akawa baharia wa meli za mizigo. Alimwoa Mwajuma, binti wa kijiji cha Dutumi, na kila akisafiri alimwacha kwangu.

Safari moja, meli yao ikiwa bandarini katika nchi ya mbali, vita vilianza. Serikali ya kule ikatoa amri: hakuna meli kutoka wala ndege kuruka bila kibali cha jeshi. Mabaharia wakanyang'anywa simu. Haya nilielezwa na kijana wa ofisi ya wakala iliyompeleka Idd kazini.

"Dada, meli imezuiwa tu. Watu wako salama. Vuta subira."

Mwezi wa kwanza nilivumilia. Wa tatu nikashindwa. Kila nikienda sokoni naulizwa, "Vipi, Idd?" Nijibu nini? Mwingine alinisema usoni kwamba nimeukalia msiba, namnyima marehemu dua yake. Maneno yale yaliniingia!

Nikamwendea sheikh. Alikataa katakata. Alisema aliyepotea ana sheria zake, hilo ni la kadhi, tusubiri.

Ndipo nikafanya nililolifanya... Niliwakusanya wazee wa pande zote mbili nikawaambia wakala amethibitisha kwamba Idd amekufa. Uongo mtupu! Nani angemshuku dada aliyemlea?

Hitma ikasomwa. Mwajuma akalia, "Wifi, moyo wangu unakataa."

Nikamkaripia. "Moyo wako unajua kuliko ofisi? Kaa eda, usimwaibishe mwenzio!"

Akakaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yangu, bila wanja wala manukato. Alipotoka, baba yake alimchukua, na haukupita muda akaozwa kwa mwanamume wa Kwala.

Alikuwa na mimba ya miezi mitano siku Idd aliponipigia. Amri imeondolewa, wanarudi nyumbani... Simu ilinidondoka!

Alipofika na kusimuliwa yote, aliniuliza jambo moja tu.

"Dada, wakala alikwambia nimekufa?"

"Hapana, mdogo wangu."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Wazee walitaka Mwajuma arudishwe, Idd akakataa. Alisema mwanamke yule ameshateseka vya kutosha. Akaandika talaka, ili Mwajuma akishajifungua aozwe upya kwa halali kwa yule mume wa Kwala.

Mwajuma nimemfuata Kwala mara mbili kumwomba radhi. Hajanifungulia mlango, na simlaumu.

Idd amepanga chumba Pangani, kule Kibaha. Chakula changu hakigusi tena. Kila Ijumaa hupiga simu, "Dada, shikamoo." Naitikia marahaba, anakata.

Ndugu wasomaji, ukiambiwa mtu wako amezuiwa na vita, amini amezuiwa. Kusubiri kunauma, nakuapieni kunauma! Lakini msimzike mtu aliye hai kwa sababu ninyi mmechoka. Vita havikumchukua mke wa Idd... nilimchukua mimi.