Nukta ya Tano

Spika nne ukutani, nukta nne kwenye ramani ya kompyuta. Roboti ilikuwa imezimwa, betri yake ipo mezani. Basi nukta ya tano ilikuwa ya nani?

"Imeganda tu," meneja wa ghala la dawa alisema. "Zima, washa."

Fundi akazima, akawasha. Spika zile hutoa mlio mwembamba usiosikika na binadamu. Roboti huusikia na kujua ilipo katikati ya rafu. Nukta ya tano ikarudi palepale, kona ya ndoo na mafagio. Kando yake kompyuta iliandika urefu wake: mita 2.10.

Fundi akaisoma mara mbili. Namba ile aliijua yeye peke yake.

Wiki mbili nyuma alifunga spika ya tatu mita 1.20 kutoka sakafuni, akaingiza 2.10 kwenye kompyuta. Haraka tu. Roboti ikapotea, ikagonga rafu, chupa za dawa ya watoto zikavunjika. Meneja alipofoka, fundi, binti huyu mwenye vyeti vitatu, akamtupia nani lawama? Mfagiaji!

"Labda Mama Ndoo aliisogeza spika kwa ufagio."

Mama Ndoo akaapa. Nani amsikilize? Miaka kumi na mmoja ya kazi, kwaheri. Fundi akasahihisha namba kimyakimya, akapongezwa.

Na wafanyakazi walikuwa wakimcheka mama yule, kwa kuwa kila asubuhi alipiga hodi kwenye ghala tupu.

"Unawabishia hodi panya?"

"Ninambishia mwenye nyumba, wanangu. Mtu haingii tu."

Sasa mama hayupo, hakuna aliyebisha hodi. Ilipofika saa sita mchana, feni zikiwa zimezimwa, harufu ya tambara bovu lililolowa ikaanza kutambaa kutoka konani, ikapita rafu moja baada ya nyingine, na roboti isiyo na betri ikageuza magurudumu yake taratibu, kri, kri, mpaka ikamwelekea fundi, ikatulia kama mtu anayesubiri jibu.

Fundi alikimbilia nyumbani kwa Mama Ndoo.

"Mama, kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

Mama aliendelea kukamua nguo. "Mimi nimeshakusamehe, mwanangu. Lakini ulinisingizia mbele ya watu, na yule mwenye nyumba alikuwepo. Kaseme palepale."

Wakaenda. Mama Ndoo akapiga hodi mlangoni. Wafanyakazi wote wakakusanyika.

"Haya, fundi, tuambie," meneja alisema.

Fundi akamwangalia mama, akawaangalia wenzake, akakiona cheti chake cha pongezi ukutani.

"Ni… hitilafu ya mitambo."

 Mama Ndoo aligeuka akaenda zake.

"Inaondoka konani!" meneja alishangilia, macho kwenye kompyuta. Kisha akamgeukia fundi. "Mbona imesimama nyuma yako? Hebu sogea."

Fundi akasogea. Nukta ikasogea.

Tone la maji baridi, yenye harufu ya tambara, likamdondokea shingoni kutoka juu, na kitu kirefu kikamwinamia sikioni, kikabisha kwa upole:

"Hodi."