Maziwa ya Dot

—Olive, zima hiyo simu! Bageni wanakungoja, na wewe uko unaiangalia kama mutu ameficha bwana mwingine ndani!

Aliyefoka ni mama yake, Mukashyaka, aliyepiga magoti sakafuni akinyoosha upindo wa mushanana, vazi la sherehe la bintiye. Siku ya dot, sherehe ya kutoa mahari, ilikuwa imefika. Uani, chini ya turubai, familia ya bwana harusi, Edmond Havugimana, ilikaa upande mmoja, familia ya Muzee Sebahire, baba yake Olive, upande wa pili, na katikati meza ya maziwa. Kwa watu hawa mahari yanaweza kujadiliwa mpaka koo zikauke, lakini neno la mwisho ni maziwa. Baba wa binti anakunywa, wakwe wanakunywa, binti mwenyewe anaonja. Akiyakataa amemkataa mwanaume, na hakuna anayengoja maelezo.

Olive hakuzima simu. Alikuwa ameikodolea macho.

"ALERTI NYEKUNDU. Loti kutoka Kalengera. Joto lililopimwa: 19. Joto lililoandikwa na dereva: 4. Mwisho unaoruhusiwa: 8. Dereva: Havugimana E."

Akasoma tena. Jina halikubadilika.

—Mama, haya maziwa ya mezani yametoka wapi?

—Swali gani hilo? Bwana yako ameyaleta mwenyewe, na kamyo ya kazi. Si ile pale mulangoni?

Sasa nikueleze, maana usipoelewa hapa utamwona Olive mkatili bure. Yeye ndiye mkuu wa ubora, responsable kwa kinywa cha madereva, katika kampuni ya maziwa ya Mama Jamila. Zamani ubora wa kampuni ile ulikuwa rundo la karatasi, na madereva walijaza safari za wiki nzima Jumamosi moja, kwa kalamu moja, huku wakila mikate. Duka la mtaa wa Birere likilalamika kwamba maziwa yameganda, kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Mama Jamila akachoka, akaleta mfumo wa cloud. Kila loti, yaani shehena moja ya maziwa, kuanzia kiwandani mpaka kwenye frigo ya muuzaji, huandikwa kwa simu na kuhifadhiwa kwenye kompyuta za mbali ambazo hakuna mtu wa depo, ghala la kampuni, aliyewahi kuziona. Ndani ya kila kamyo kuna kipimajoto kinachopima chenyewe na kutuma namba kupitia simu ya dereva. Namba ikiwa mbaya, loti inafungwa mpaka ikaguliwe.

Olive ndiye aliyewafundisha madereva. Na siku hiyo ya mafunzo ndipo alipomwona Edmond, amekaa nyuma, anacheka.

—Hiyo cloud yenu iko wapi, responsable? Juu ya mulima Nyiragongo?

—Iko mahali mikono yako haifike.

—Basi upeleke na roho yangu kule. Hapa chini inateseka.

Depo nzima ilicheka. Olive alijifanya kununa, jioni akatabasamu peke yake kama mjinga. Walipendana kweli, sitaki mtu aseme lilikuwa penzi la mchezo.

—Niitie Edmond, mama. Sasa hivi.

—Bibi-harusi haite bwana siku ya dot!

—Basi natoka mwenyewe.

Mama aliuona uso wa mwanawe, akaenda bila kubishana.

Edmond aliingia kwa mlango wa nyuma, suti imemkaa, meno yote nje.

—Mupenzi, umeshindwa kungoja?

Olive akamwekea simu mbele ya uso. Meno yakarudi ndani.

—Hii imetoka wapi?

—Kwa kamyo yako.

—Haiwezekani. Kalengera hakuna rezo ya simu, na data nilizima tangu...

Akajiuma ulimi. Amechelewa.

—Ulizima data tangu wapi, Edmond?

Kutoka uani ilisikika sauti ya Donatille, shangazi yake Edmond, akipiga kelele mbele ya simu:

—Nyogokuru, unatuona? Tazama wakwe zako!

Simu ile ilikuwa ya Edmond. Nyogokuru, yaani bibi yake, yuko Bunagana, mgonjwa, hawezi safari, na Donatille alikuwa amemwomba Edmond afungue data ili mzee wa watu aone dot ya mjukuu kwa video. Edmond akafungua, kwa upendo tu. Na kipimajoto ndani ya kamyo, kilichokuwa kimekaa na namba zake tangu Kalengera, kikapata njia ya simu hiyohiyo na kutuma zote.

—Nilisema mbele yenu wote, Olive alisema taratibu. —Rezo ikikosa, kipimo kinaweka. Rezo ikirudi, kinatuma.

—Siku hiyo nilikuwa nakuangalia wewe. Sikusikia kitu.

Siku nyingine angecheka.

—Sema yote, Edmond.

—Frigo ya kamyo ilikufa Kalengera. Barabara ilikuwa imefungwa, tukalala pale. Kama ningeandika ukweli, mfumo wako ungefunga loti, ningebaki kule nangoja kontrole. Na dot? Wazee wametoka Rutshuru na Masisi, ningewaambia nini? Alfajiri fundi akatengeneza frigo, maziwa yakapata baridi tena. Niliyaonja, Olive. Ni mazuri.

—Ulimi wako hauone mikrobi.

—Uko na kode. Andika kipimo kimeharibika, alerti itaisha. Mutu mumoja tu anaweza kuifunga, na mutu huyo ananipenda.

Akamshika mikono. Mikono yenyewe ilikuwa ya moto, na Olive aliipenda mpaka akajichukia. Simu ikalia.

—Olive mwanangu, ni Mama Jamila. Nimeona nyekundu. Najua ni siku yako, unisamehe. Nijibu kintu kimoja tu: ni kipimo kimekufa, ao ni maziwa? Ukisema kipimo, nakuamini, naendelea na kazi. Loti hiyo imeingia Birere asubuhi. Makartoni mengine yamepelekwa kwa centre ya batoto.

Edmond alisikia kila neno. Alitikisa kichwa polepole, macho yamejaa maji, midomo ikisema bila sauti: kipimo, sema kipimo.

Olive alifumba macho.

—Ni maziwa, mama.

—Na shofere?

—Alijua.

Upande wa pili Mama Jamila alishusha sauti.

—Allah akupe nguvu, mwanangu. Funga loti.

Akabonyeza. Huko Birere simu za wenye maduka zikaanza kulia moja baada ya nyingine: USIUZE.

—Umeniua, Edmond alisema.

—Wewe umeniomba niwe mwongo siku ya dot yangu. Batoto wa centre wangekunywa, na mimi ningecheza muziki.

Uani walikuwa wakiita, "Binti atoke!" Olive akachungulia, akamwona baba yake amekwisha kusimama, chombo cha maziwa mikononi. Akasahau mwendo wa maringo aliofundishwa. Akakimbia.

—Papa, usinywe!

Watu wote chini ya turubai wakageuka. Muzee Sebahire alibaki na chombo karibu na mdomo.

—Mutoto wangu, unasema nini?

—Maziwa ni mabaya, papa. Musinywe, mutu yeyote.

Donatille aliruka, simu bado mkononi, bibi wa Bunagana anatazama.

—Maziwa ya mutoto wetu mabaya? Sema umepata mwingine! Sema tu, twende zetu!

Olive aligeukia mlango wa nyumba. Edmond alikuwa amesimama pale, watu wote wanaona. Neno lake moja lingetosha. Olive alimwangalia, akangoja, na wewe msomaji ungengoja pia. Edmond akainamisha kichwa, akapita pembeni ya turubai, akapanda kamyo, akaondoka.

Ukweli wote ulikuwa mdomoni mwa Olive. Hakuutoa. Hakutaka kumvua mwanaume wake nguo mbele ya wazee wake, hata baada ya kuachwa peke yake namna ile. Akameza matusi yote: musichana wa kiburi, musichana wa ofisi, musichana aliyekataa maziwa.

Muzee Sebahire aliweka chombo chini.

—Umenipa haya kubwa, Olive. Lakini siwezi kunywa kintu mutoto wangu amesema nisinywe.

Wageni wakaondoka bila kuaga.

Olive alijilaza kitandani na mushanana wake, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Mchana ule ule simu ilianza kutikisika. Alidhani ni maneno ya watu. Kumbe ni mfumo.

"Loti ya Kalengera. Duka la Bashige, Birere. Makartoni yamerudishwa. Aliyerudisha: Havugimana E."

Likaja duka lingine. Na lingine. Edmond alikuwa anazunguka Birere na suti ya dot, anabeba makartoni mwenyewe. Mwisho ikaja hii:

"Centre ya watoto. Yote yamerudishwa. Hakuna lililofunguliwa."

Olive alilia upya, safari hii kilio cha namna nyingine.

Jumatatu Mama Jamila alimtoa Edmond kwenye kamyo, akamweka depo kubeba mizigo. Lakini sheria ya mfumo ni moja: aliyesababisha kosa ndiye anayeandika faili yake, na mkuu wa ubora ndiye anayeifunga. Olive aliifungua akiwa ofisini, mlango amefunga.

"Sababu ya kosa: Niliogopa kumchelewea mwanamke ninayempenda, nikamfikishia uongo kwa wakati."

"Hatua ya kurekebisha: Maziwa yote nimerudisha."

Aliandika jibu chini yake, kwa hasira na mapenzi pamoja:

"Haijakamilika. Kuna uongo mmoja bado uko nje na jina langu juu yake. Faili inabaki wazi."

Siku mbili zilipita. Simu ikalia, namba ya Donatille.

—Olive? Usikate, nakuomba. Nikikumbuka nilivyokutukana natamani ardhi inimeze.

—Nakusikiliza, mama.

—Edmond ametuita wote. Akasimama mbele ya wazee, akawasha video, bibi yake Bunagana akiona. Akasema, "Olive hakutukataa. Ni mimi niliwaletea maziwa yaliyokufa, na nikamuacha peke yake abebe haya yangu." Bibi amelia. Ameniambia nikupigie, nikuombe musamaha kabla hajafa.

—Mwambie asife. Bado nina hasira na mjukuu wake.

Donatille alicheka akilia.

Jioni Olive alirudi kwenye faili. Mfumo una tabia hii: kosa halifungwi kwa sababu mtu ameomba msamaha. Unataka tarehe ya kuhakiki, siku ya kuona kama aliyekosa amebadilika kweli. Alikaa mbele ya nafasi ile muda mrefu. Kisha akachagua Jumamosi moja ya mbali, msimu wa mvua ukiwa umeisha, na mahali pa kuhakiki akaandika: kwa Muzee Sebahire.

Jibu la Edmond lilikuja kabla hajazima kompyuta: "Nitakuja."

Jumamosi hiyo ilifika. Turubai lilelile, wazee walewale, wamekaa kwa wasiwasi kama watu wa mtihani. Safari hii Edmond alikuja na kisanduku cha barafu kwenye pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Muzee Sebahire akanyanyua chombo.

—Muzee, mungoje kidogo, Edmond alisema, na sauti ikamkwama. —Nilipotoka depo yalikuwa degre ine. Barabara ilituchelewesha. Sasa yako saba. Mwisho unaoruhusiwa ni nane. Mukiyakataa, nitakwenda kuleta mengine, hata kama dot itapita.

Donatille alifunika uso kwa khanga. Mtu gani anasema hivyo mbele ya wakwe?

Olive alitoka na kipimajoto kidogo cha depo mkononi. Akakitumbukiza ndani ya maziwa mbele ya wote, akangoja. Namba ikasimama kwenye saba.

Alimtazama Edmond, na machozi hayakumwomba ruhusa. Akachukua chombo kutoka kwa baba yake, akanywa yeye wa kwanza, akanywa kwa pupa mpaka mdomo ukawa mweupe. Kisha akatoa simu kifuani na kubonyeza mara moja. Mfukoni mwa Edmond kitu kikatikisika. Akasoma: "Faili imefungwa."

Muzee Sebahire alikunywa, akajifuta mdomo, akamwangalia mkwe wake.

—Sasa washa hiyo data, bibi yako atuone.